UZI: Uraia wa Kenya kwa mgeni aliyeoa au kuolewa Nyanza, Magharibi na Nakuru. Mila, dini na karatasi

#1 KaraniKondele

Kuna maneno mengi yanayozunguka Kisumu, Busia na Nakuru kuhusu uraia, na mengine yamewapotezea watu miaka. Mama wa Uganda aliyeolewa Ugenya anaambiwa hawezi kuwa Mkenya mpaka abatizwe katika kanisa la mumewe. Mkongo wa Nakuru anaambiwa asilimu kwanza ndipo ukweni wamtambue na serikali imtambue. Mwingine anaambiwa asubiri ng'ombe wote wa mahari waishe kutolewa. Sheria haina sharti lolote kati ya hayo. Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa imani na kukataza kumlazimisha atende kinyume na imani yake, na kimeandikwa kwa "kila mtu", hakikusema raia tu. Afisa wa Uhamiaji hatakuuliza unasali wapi, atakuuliza karatasi.

Lakini karatasi hizo nyingi huzaliwa kanisani, msikitini au bomani kwa wakwe, na ndiyo sababu naunganisha dini, mila na uraia katika uzi mmoja. Ndoa ikifungwa vizuri mbele ya Mungu na ukoo lakini vibaya mbele ya Msajili wa Ndoa, miaka saba hupita na mtu hana cha kuonyesha.

Njia za mtu mzima ni mbili kubwa, zote katika kifungu cha 15 cha Katiba:

Ya ndoa: uwe umeoana na raia kwa miaka isiyopungua 7. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 kinaongeza kwamba ndoa iwe ya mfumo unaotambuliwa na sheria za Kenya (iwe ilifungwa hapa au nje), usiwe umetangazwa mhamiaji aliyepigwa marufuku, usiwe umehukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi, ndoa isiwe ilifungwa kwa ajili ya kupata uraia au kibali, na muwe mnaishi pamoja wakati wa kuomba.

Ya ukaaji: uwe umeishi Kenya kihalali miaka 7 mfululizo. Kifungu cha 13 cha Sheria hiyo hiyo kinadai pia uwe ndani ya nchi miezi 12 yote kabla ya kuomba, uijue Kenya pamoja na haki na wajibu wa raia, uelewe na kuzungumza Kiswahili au lugha ya kienyeji, usiwe umefilisika kwa amri ya mahakama, usiwe na hukumu ya kifungo cha miaka 3 au zaidi, na ionekane kwa maandishi kwamba una mchango wa maana kwa maendeleo ya nchi au unaweza kuutoa.

Zingatieni hapo: "au lugha ya kienyeji". Mgeni anayezungumza Dholuo au Lubukusu vizuri amelikidhi sharti la lugha. Wengi hapa hawalijui hili.

Karibuni wenye kujua zaidi, hasa upande wa ndoa za kimila.

#2 Nyar_Seme

Ahsante Karani. Niingie moja kwa moja kwenye ndoa ya kimila, kwa sababu huku kwetu ndiyo inayoumiza wageni wengi.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote zina hadhi sawa mbele ya sheria. Kwa hiyo kwa Waluo ayie (malipo ya ridhaa kwa wakwe) ikitolewa na nyombo (kutoa ng'ombe wa mahari) ikaanza, hiyo ni ndoa, hata kama mmoja ni mgeni. Sheria inasema ndoa ya kimila ifuate desturi za jamii ya mmoja wa wanandoa au wote wawili, kwa hiyo bwana wa Rwanda aliyeoa binti wa Seme kwa desturi za Seme yumo.

Kuhusu ng'ombe: pale ambapo mahari inahitajika ili kuthibitisha ndoa, sehemu ndogo tu ya ishara inatosha. Wazee wanaweza kuendelea kudai ng'ombe waliobaki, hiyo ni haki yao ya kimila, lakini deni la ng'ombe halizuii usajili. Asiwaambie mtu vinginevyo.

Shida ni kwamba sherehe ikiisha watu hurudi nyumbani na kutulia. Sheria inadai hivi:

Ndani ya miezi 3 baada ya taratibu kukamilika, wanandoa wamjulishe Msajili wa Ndoa kwa maandishi. Waeleze ni desturi za jamii gani zilizofuatwa na watangaze kwamba zilikamilika, kwamba wote wametimiza miaka 18, kwamba hawana undugu unaokatazwa na kwamba kila mmoja alikubali kwa hiari yake. Watu wazima wawili watie sahihi kama mashahidi, na si majirani wa kuokotwa: wawe waliofanya kazi muhimu katika sherehe yenyewe. Jagam aliyeunganisha familia, au mjomba aliyepokea ng'ombe, ndio wanaofaa. Halafu ndani ya miezi 6 wanandoa wafike wenyewe kwa Msajili kusajili na kuchukua cheti.

Usajili wa ndoa za kimila ulianza kutekelezwa Agosti 2017, ndiyo maana wazee wengi bado hawana habari nao.

#3 BodaMalaba

Swali fupi. Miaka 7 inahesabiwa kutoka siku ya ayie au siku ya cheti?

#4 Nyar_Seme

@BodaMalaba Katiba inasema "ameoana na raia", kwa hiyo kinachohesabiwa ni ndoa. Lakini tarehe ambayo afisa anaweza kuisoma ni ile iliyoandikwa. Ndiyo maana taarifa kwa Msajili lazima itaje siku halisi ambayo taratibu zilikamilika, na iwe siku moja, si "mwaka 2016 hivi". Mkiacha wazi, mtakuja kubishana na karatasi yenu wenyewe.

Na kuhusu wale wanaoishi tu pamoja bila sherehe yoyote, ile njoo-tukae: msiitegemee. Januari 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya MNK dhidi ya POM, ilisema dhana ya ndoa kutokana na kuishi pamoja itumike kwa nadra sana na kwa ushahidi mzito. Na hapo walikuwa wanazungumzia mgawanyo wa mali tu. Kwenda nayo Uhamiaji ukitarajia uraia ni kujenga juu ya mchanga.

#5 UstadhManyatta

Assalaam alaykum wote. Nitasema upande wa Kiislamu.

Sehemu ya Kiislamu ya Sheria ya Ndoa inahusu Waislamu peke yao. Mmoja akiwa si Mwislamu na hataki kusilimu, msilazimishane na msifanye usilimu wa karatasi. Fungeni ndoa ya kiserikali kwa Msajili. Imani ya uongo ni dhambi kwetu, na mbele ya Uhamiaji inaweza kuonekana kama udanganyifu katika ombi zima.

Kosa la kwanza: nikaha inafungwa na imamu ambaye hakuidhinishwa kusajili ndoa. Nikaha inaweza kuwa sahihi kidini, lakini barua yenye muhuri wa msikiti si cheti cha ndoa. Kabla ya siku hiyo ulizeni waziwazi: "Imamu, una idhini na una kitabu cha vyeti?" Akisema hana, nendeni kwa Kadhi.

Kosa la pili ni majina, na hili huumiza hata zaidi. Mgeni amesilimu, Joseph amekuwa Yusuf. Cheti cha nikaha kinaandikwa Yusuf. Pasipoti inasema Joseph. Miaka saba baadaye Joseph hana ndoa na Yusuf hana pasipoti. Andikeni jina la pasipoti kama lilivyo, herufi kwa herufi, na kama mnataka jina jipya liongezwe baada yake kwa maneno "anayejulikana pia kama". Kama mlishakosea, tengenezeni hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu mkieleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na iambatane na ombi tangu siku ya kwanza, isingoje kuulizwa.

#6 MwalimuKaimosi

Ustadh amesema kweli, na Wakristo tuna ugonjwa ule ule. "Kubariki ndoa" si kufunga ndoa. Wapo walioishi miaka kumi na cheti kizuri chenye picha ya njiwa na pete, kilichotolewa na mchungaji asiye na leseni ya Msajili. Cheti halali ni cha serikali, kina nambari, na nakala yake hupelekwa kwa Msajili. Unaweza kwenda kwa Msajili kukitafuta katika daftari. Kikikosekana huko, mnaweza kujikuta mmerudi mwanzo, hamna ushahidi wa miaka mliyohesabu. Ndiyo maana nasema fanyeni ukaguzi huo mwaka wa kwanza, si wa saba.

Wanaofunga ndoa ya kiserikali pia wakumbuke ilani ya kufunga ndoa: isipungue siku 21 kabla ya kufunga, na isizidi miezi 3. Mgeni huombwa uthibitisho kutoka kwao kwamba hana ndoa nyingine, na karatasi hiyo huchelewa kuliko zote. Ianze kutafutwa kabla ya kumwita shangazi yeyote.

Jambo lingine la imani: kiapo. Anayeandikishwa kuwa raia huapa utii kwa Kenya. Sisi Waquaker tulio wengi huku Vihiga na Kakamega tunafundishwa tangu misheni ya Kaimosi ya 1902 kwamba tusiape. Sheria ya Viapo inamruhusu mtu anayesema kuapa ni kinyume cha imani yake, au kwamba hana dini, atoe tamko rasmi badala ya kiapo, na uzito wake ni ule ule. Mgeni wa imani ya namna hiyo aseme mapema, kabla hajasimama mbele ya afisa. Asinyamaze halafu agome katikati.

#7 SioRiver

Upande wa mpaka wa Kenya na Uganda sasa. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili, lugha moja, makaburi ya babu pande zote. Kwa hiyo mtu anavuka kuja kuolewa kama anayeenda sokoni, kwa njia za panya. Hakosi adabu kwa kufanya hivyo, lakini hana muhuri. Raia wa Uganda akipita kituo cha Busia au Malaba anapewa hadi miezi 6 ya kukaa na inaandikwa. Akipita mtoni, kwenye daftari la Kenya hajawahi kuingia.

Kwa njia ya ukaaji hilo linaua ombi, kwa sababu neno "kihalali" halina ushahidi. Kwa njia ya ndoa bado utaulizwa uko nchini kwa hadhi gani. Kwa hiyo aliye ndani bila karatasi asikimbilie fomu ya uraia. Atengeneze kwanza hadhi yake: arudi, aingie kwa kituo, kisha mwenzake Mkenya amwombee pasi ya mtegemezi kwenye mtandao wa huduma za wageni wa Uhamiaji. Akikaa zaidi ya siku 90 ajiandikishe pia apate kadi ya mgeni.

Na pasi ya mtegemezi si ruhusa ya kufanya kazi. Mke wa Mkenya anayefungua saluni kwa pasi hiyo anavunja masharti ya pasi. Kazi inataka kibali chake, kama vile daraja la D kwa ajira au G kwa biashara.

#8 KaraniKondele

Wamisionari pia. Kibali cha daraja la I ni cha kazi ya dini au ya hisani iliyoidhinishwa, chini ya shirika lililokuombea. Mmisionari akianza kuuza magari Nakuru, miaka yake ya kibali inakuwa na doa. Akihama shirika aombe upya.

Kinachovunja "mfululizo" mara nyingi ni pengo. Kibali kinaisha Machi, ombi la kuhuisha linapelekwa Mei, miezi miwili haina jina. Anzeni miezi 3 kabla. Wekeni risiti zote za eCitizen (tovuti ya serikali ya huduma na malipo), na pasipoti za zamani msizitupe hata zikijaa, kwa sababu mihuri ya miaka ya kwanza iko humo.

Tena si lazima kungoja miaka 7 ukihangaika na pasi. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji kinamruhusu mwenzi wa raia kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3 ya ndoa. Wengine ni waliokuwa na vibali vya kazi miaka 7 na kukaa mfululizo miaka 3 ya mwisho. Mimi humshauri kila mwenzi wa Mkenya apite hapa kwanza. Akishaupata anaacha kuhuisha pasi, na miaka ya ndoa inaendelea kuhesabika.

#9 Patel_wa_Kibos_Road 

Naomba kuongeza jambo linalosahaulika: nchi unayotoka inasemaje? Kenya inaruhusu uraia pacha, lakini kifungu cha 16 cha Katiba kinamlinda raia wa kuzaliwa anapochukua uraia mwingine. Hakisemi lolote juu ya nchi yako ya zamani.

India hairuhusu. Siku unapopata uraia wa Kenya unaacha kuwa Mhindi kisheria, na pasipoti lazima irudishwe ubalozini. Ile kadi ya OCI inayotolewa baadaye ni ruhusa ya kuingia na kuishi India, si uraia. Tanzania hairuhusu kwa watu wazima. Katiba ya Kongo Kinshasa inasema uraia wake hauchanganyiki na mwingine. Uganda inaruhusu, kwa utaratibu wake. Familia zikae chini zizungumzie ardhi na urithi wa huko nyumbani kabla ya kutia sahihi.

Na ardhi ya hapa: asiye raia hamiliki shamba la milele Kenya. Anapata ukodishaji usiozidi miaka 99, kifungu cha 65 cha Katiba. Mkataba ukisema zaidi, sheria inauhesabu kuwa miaka 99.

#10 BodaMalaba

Na watoto? Baba Mganda, mama Mkenya, mtoto kazaliwa Tororo.

#11 Nyar_Seme

Ni Mkenya wa kuzaliwa. Kifungu cha 14 cha Katiba: mzazi mmoja akiwa raia inatosha, baba au mama, mtoto azaliwe Kenya au nje. Inawahusu pia waliozaliwa kabla ya 2010, maana zamani mama Mkenya hakuweza kumpa uraia mtoto aliyezaliwa nje. Mtoto huyo hahitaji ombi la kuandikishwa, anahitaji cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha mama yake na kitambulisho cha mama. Kuzaliwa tu Kenya kwa wazazi wageni, kwa upande mwingine, hakumpi mtoto uraia.

#12 Chebaraa_Kericho

Msisahau waliokuwa hapa kabla ya hiyo mipaka kuwa na maana. Kuna wazee wenye asili ya Rwanda walioletwa kufanya kazi ya majani chai Kericho na Nandi enzi za ukoloni, na wajukuu wao hawajui nyumba nyingine. Sheria ya 2011 iliweka vifungu vya 15 hadi 17 kwa wasio na nchi, kwa waliohamia kabla ya 12 Desemba 1963 na kwa vizazi vyao, lakini kwa muda wa miaka 5 tu, ukaongezwa hadi 2019.

Washona ndio mfano wa dini na uraia kukutana. Walitoka Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, kuja kuhubiri, wenye kanzu nyeupe, wakaishi Kiambu wakifanya useremala na kutengeneza mabeseni ya bati. Mavazi yao na ibada yao havikuwazuia. Kilichowazuia ni kutoandikishwa baada ya uhuru, na watoto wakarithi pengo hilo. Tarehe 12 Desemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuwatambua Washona 1,670 pamoja na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda, na vyeti vikaanza kutolewa Julai 2021. Wamakonde walitangulia mwaka 2016, Wapemba wakafuata 2023. Ambaye familia yake iko katika hali hii asijaze fomu ya ukaaji ya kawaida, maana hana vibali vya kuonyesha. Atafute mawakili wa haki za wasio na uraia na aende na wenzake kama kundi.

#13 KaraniKondele

Sasa faili lenyewe, kwa wa ndoa. Andaeni: pasipoti ya mgeni na nakala za kurasa zote zenye mihuri, pasi au kibali kinachoishi, kadi ya mgeni, kitambulisho na cheti cha kuzaliwa cha mwenzi Mkenya, barua ya mwenzi huyo akiunga mkono, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, picha, na cheti cha tabia njema. Cheti cha ndoa cha nje kilicho katika lugha isiyo Kiingereza kitafsiriwe na kithibitishwe. Ada angalieni kwenye eCitizen siku ya kulipa, hubadilika.

Uthibitisho wa kuishi pamoja ndio watu hudharau. Barua ya chifu ni muhimu, lakini peke yake ni nyepesi. Ongezeni mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, akaunti ya pamoja, bima ya afya inayomtaja mwenzi. Barua ya mchungaji au imamu inasaidia kuonyesha mnajulikana kama mke na mume, ila haichukui nafasi ya hizo. Mume akiwa kazini Mombasa na mke bomani Siaya, elezeni kwa maandishi na muambatishe tiketi na miamala ya kutumiana pesa. Ukweli wa namna hiyo haufichwi.

Mahojiano: msikariri. Mnaweza kuulizwa kila mmoja peke yake. Kwa mwombaji wa ukaaji, jueni kaunti 47, mihimili mitatu ya serikali, maana ya Madaraka na Jamhuri, wimbo wa taifa, na haki na wajibu wa raia. Someni sura ya nne ya Katiba kwa Kiswahili, lugha na maarifa vinaingia pamoja.

#14 MwalimuKaimosi

Na mwenzi akifariki au ndoa ikivunjika?

#15 KaraniKondele

Mwalimu, ukishapata uraia, kifungu cha 13 cha Katiba kinasema haupotei kwa ndoa kuvunjika. Kabla ya kuupata ni tofauti. Wajane wana kifungu chao, cha 12 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji, kwa hiyo mjane asirudi kwao akidhani yote yameisha. Amwone wakili akiwa na cheti cha ndoa na cheti cha kifo. Wala kurithiwa na shemeji si sharti la kubaki kwenye boma wala la uraia. Akikataa tero (huko kurithiwa), ndoa yake ya kwanza inabaki na ushahidi wake ule ule.

Talaka kabla ya miaka 7 inafunga njia ya ndoa. Hapo hubaki njia ya ukaaji, na mgeni atafute kibali chake mwenyewe mara moja, kwa sababu pasi ya mtegemezi imesimama juu ya ndoa ile.

Uraia wa kuandikishwa unaweza kufutwa chini ya kifungu cha 17 cha Katiba: kama ulipatikana kwa udanganyifu au kuficha jambo, au ndani ya miaka 5 ukahukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi, na kuna makosa mazito zaidi yasiyo na ukomo wa muda. Ndiyo maana nimesisitiza tarehe, majina na mihuri.

#16 BodaMalaba

Akishapewa cheti cha uraia?

#17 Nyar_Seme

Cheti si kitambulisho. Atoe nakala zilizothibitishwa, aende kuomba kitambulisho kwa ofisi ya usajili wa watu akiwa na cheti halisi, kisha pasipoti, kisha ajiandikishe kupiga kura kwa IEBC (tume ya uchaguzi) mahali anapoishi. Majina yafanane katika zote nne. Kama huko ukweni wanamwita nyar Jinja (binti wa Jinja), waendelee kumwita hivyo bomani, lakini kwenye fomu aandike jina la cheti.